Filamu za nyumbani bila kula bando: jinsi ya kuchagua njia isiyokwama ya kuzifikisha kwenye televisheni

Katika nyumba nyingi za Kampala, kinachotazamwa jioni hakitoki hewani wala kwenye intaneti. Kimo ndani ya diski iliyowekwa juu ya kabati: video ya harusi ya binti mkubwa, kumbukumbu ya mazishi ya babu, mahafali ya chuo, mawaidha, nyimbo za kwaya, pamoja na filamu zilizokusanywa kwa miaka mingi. Televisheni nazo zimeongezeka. Moja iko sebuleni, nyingine chumbani kwa wazee, na pengine ya tatu kwa vijana. Familia hizo hukabiliwa na swali moja: hazina hiyo ifikishwe vipi kwenye kila kioo bila picha kukwama, bila bando kuisha, na bila hazina yenyewe kupotea?

Makala haya yanaeleza njia zilizopo, nguvu na udhaifu wa kila moja, na mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha. Msingi wake ni huu: njia inayoaminika ni ile yenye viungo vichache vinavyoweza kukatika.

Hazina isiyopatikana kwenye huduma za kulipia

Wasemaji wa Kiswahili nchini Uganda wana sababu ya ziada ya kuzithamini diski zao. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, anayefungua huduma za kimataifa za filamu hukuta kazi chache zenye sauti ya Kiswahili. Masimulizi ya DJ Afro wa Kenya au ya Lufufu wa Tanzania, sawa na yale ya ma-VJ wa Kampala wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiluganda, yalienea kwa mkono, kutoka diski hadi flashi. Video ya harusi ya familia, bila shaka, haipo kwenye huduma yoyote duniani.

Gharama ni sababu ya pili. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018, Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Tarehe 1 Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Filamu ya saa 2 yenye picha safi, inayosafiri kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, hufikia takriban gigabaiti 7. Familia inayotazama filamu kama hiyo kila jioni kupitia intaneti itatumia zaidi ya gigabaiti 200 kwa mwezi.

Sababu ya tatu ni upatikanaji. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, nayo ikaanza kurejea tarehe 18. Kwa siku hizo, kilichotazamika majumbani ni matangazo ya hewani na kile kilichokwisha kuhifadhiwa ndani.

Ni vyema kukumbusha kwamba Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Maelezo yanayofuata yanahusu kazi ambazo familia inazimiliki kihalali, zikiwemo video ilizopiga yenyewe.

Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili

Wengi huogopa kuunganisha televisheni na Wi-Fi kwa kudhani kwamba kila dakika ya kutazama italipiwa bando. Hofu hiyo inatokana na kuchanganya mambo mawili.

Ruta ni kama njia panda ndani ya ua. Ina mlango mmoja wa kutokea nje, ambao ni intaneti, na vijia vya ndani vinavyounganisha vyumba. Filamu inapotoka kwenye kompyuta iliyo chumbani kwenda kwenye televisheni iliyo sebuleni, hupita kwenye vijia vya ndani tu. Haifiki langoni, na kampuni ya simu haihesabu hata megabaiti moja. Mtandao wa nyumbani hufanya kazi hata kama ruta haina bando lolote.

Hapa ndipo panapojitokeza tatizo linalojulikana sana Kampala. Nyumba nyingi hutegemea kile kisanduku kidogo cha intaneti kinachowekwa mfukoni. Baba akitoka nacho asubuhi kwenda kazini, mtandao wa nyumbani huondoka naye, na televisheni hazioni tena kompyuta. Isitoshe, visanduku hivyo hupokea vifaa vichache, aghalabu havina tundu la kebo, na baadhi huzuia vifaa vya ndani visionane. Hatua ya kwanza, basi, ni kuwa na ruta ya kudumu isiyoondoka nyumbani. Hata ruta ya kawaida isiyo na laini ya simu inatosha.

Njia nne, kuanzia iliyo rahisi

Njia ya kwanza ni kuchomeka flashi au diski moja kwa moja kwenye televisheni. Kwa nyumba yenye televisheni moja, hakuna njia inayoishinda kwa uhakika, kwa kuwa haihitaji ruta, kompyuta wala programu. Mipaka yake ni miwili. Kwanza, diski huhamishwa kutoka chumba hadi chumba, na kila kuichomoa bila utaratibu ni hatari kwake. Pili, flashi iliyoandaliwa kwa mpangilio wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ndiyo maana filamu ndefu yenye picha safi hukataa kunakiliwa ingawa flashi ina nafasi tele. Dawa yake ni kuiandaa upya flashi kwa mpangilio wa exFAT, baada ya kuhakikisha kwamba televisheni inausoma na kwamba vilivyomo vimehamishwa kwanza.

Njia ya pili ni kuonyesha kioo cha simu kwenye televisheni. Inafaa kwa picha za simu na video fupi. Kwa filamu ndefu haifai sana: simu huitayarisha upya kila picha na kuirusha hewani, betri huisha, na simu ikiingia huwezi kuipokea bila kuvuruga utazamaji.

Njia ya tatu ni DLNA. Huu ni utaratibu wa mawasiliano ulioasisiwa mwaka 2003 na kundi la watengenezaji wa vifaa vya elektroniki ili vifaa vyao vielewane. Shirika lililousimamia lilivunjwa mwaka 2017, lakini utaratibu wenyewe ungali ndani ya televisheni nyingi za kisasa. Baadhi ya ruta zina tundu la USB na zinaweza kugawa filamu kwa njia hii: unachomeka diski nyuma ya ruta, unawasha huduma hiyo, na televisheni zote huiona. Ni nafuu, na haihitaji kompyuta. Upungufu wake ni orodha kavu za majina ya faili, maandishi ya tafsiri yasiyotokea mara kwa mara, na ugumu wa kuendelea pale ulipoachia jana.

Njia ya nne ni seva ya nyumbani: kompyuta moja inayotunza filamu zote na kuendesha programu maalumu, huku kila televisheni ikiwa na programu ndogo ya kuipokea. Programu mbili zinazotajwa zaidi ni Plex na Jellyfin. Zote hupanga filamu kwa picha na majina, hukumbuka kila mtu alipoishia, na huruhusu watoto wawe na orodha yao.

Tofauti kati ya programu hizo ina uzito kwa mkazi wa Kampala. Plex ni mali ya kampuni, nayo humtaka mwenye nyumba afungue akaunti ambayo uthibitisho wake hupitia intaneti. Ipo mipangilio inayoruhusu vifaa vya ndani kuingia bila uthibitisho huo, lakini sharti iwekwe mapema, kabla intaneti haijakatika. Kutazama ukiwa nyumbani ni bure. Kutazama ukiwa mbali na nyumbani kunalipiwa tangu Aprili 2025. Jellyfin ilianzishwa Desemba 2018 na watu waliojitenga na mradi wa Emby baada ya mradi huo kufunga msimbo wake. Ni ya bure kabisa, haina akaunti ya kampuni, na majina ya watumiaji huhifadhiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Intaneti ikizimwa leo, inaendelea kufanya kazi. Ila hudai uvumilivu zaidi wakati wa kuisimika, na programu yake haipo kwenye duka la kila televisheni. Kabla ya kuamua, chukua rimoti, fungua duka la programu la televisheni yako, na uitafute kwa jina. Ikikosekana, kisanduku kidogo cha Android TV kilichochomekwa kwenye tundu la HDMI huziba pengo hilo.

Kwa nini picha hukwama

Picha inapokwama, lawama ya kwanza huelekezwa kwa programu. Mara nyingi kosa liko katika moja ya sehemu mbili: njia ya kusafirishia au muundo wa faili.

Tuanze na njia. Filamu ya megabiti 8 kwa sekunde ni mzigo mdogo kwa Wi-Fi nzuri, lakini Wi-Fi iliyoandikwa kwenye boksi siyo ile inayofika chumbani. Kuta za matofali na zege huipunguza nguvu. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini katika majengo yenye vyumba vingi vya kupanga, vile Waganda wanavyoviita mizigo, ruta za majirani huyajaza. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa na msongamano mdogo, ila hudhoofika upesi yakikutana na ukuta.

Lipo pia jambo lisiloonekana. Seva ikiwa kwenye Wi-Fi na televisheni nayo ikiwa kwenye Wi-Fi, filamu ileile husafiri hewani mara mbili: kutoka kwenye seva hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye televisheni. Uwezo wa hewa unagawanyika. Kwa hiyo, kama kuna kebo moja tu unayoweza kuinunua, iunganishe seva na ruta. Ukipata ya pili, ipeleke kwenye televisheni inayotumika zaidi. Kebo haijali ukuta wala jirani, na huondoa sehemu kubwa ya malalamiko kabla hujagusa mipangilio yoyote.

Sasa muundo wa faili. Faili ya video ni kifurushi chenye picha, sauti na pengine maandishi, na kila kimoja kimefungwa kwa lugha yake. Picha nyingi zimefungwa kwa H.264, utaratibu wa mwaka 2003 unaosomwa karibu na kila televisheni, au kwa H.265 wa mwaka 2013, ambao hupunguza ukubwa wa faili lakini hausomwi na televisheni za zamani. Televisheni ikiielewa lugha ya faili, seva huipeleka ilivyo, kazi ambayo hata kompyuta dhaifu huimudu. Isipoielewa, seva hulazimika kuwa mkalimani: huifungua filamu na kuifunga upya papo hapo, sekunde kwa sekunde. Kompyuta isiyo na nguvu hushindwa kwenda na mwendo huo, na hapo picha husimama.

Ukalimani huo unaweza kuanzishwa na mambo madogo. Baadhi ya televisheni mpya hazisomi sauti ya DTS. Maandishi ya tafsiri yaliyohifadhiwa kama picha, kama yale yatokayo kwenye DVD, huilazimisha seva kuyachora juu ya filamu nzima. Maandishi ya kawaida ya SRT aghalabu hayaleti usumbufu huo. Familia nyingi zitapata nafuu kubwa kwa kuzigeuza faili sumbufu mara moja tu, usiku, kwa programu ya bure ya HandBrake, ziwe za H.264 zenye sauti ya AAC. Faili ya awali isifutwe mpaka mpya iwe imetazamwa na kuridhisha.

Kompyuta ipi, na umeme je?

Hakuna haja ya kununua mashine mpya. Kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, yenye kichakato cha Intel, inatosha. Tangu mwaka 2011 vichakato vingi vya kampuni hiyo vina sehemu maalumu ya kufanya ukalimani wa video, iitwayo Quick Sync. Kwa faili za H.265 ni bora kutafuta kizazi cha 7 au zaidi. Kwenye kibandiko au katika maelezo ya mashine, hicho hutambulika kwa namba inayoanza na 7 baada ya i3, i5 au i7.

Tunapendekeza kompyuta mpakato kwa sababu ya umeme. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme nchini uko mikononi mwa UEDCL, baada ya mkataba wa miaka 20 wa Umeme kumalizika, lakini kukatika kwa umeme bado ni sehemu ya maisha ya jiji. Umeme ukikatika, televisheni huzimika tu. Diski iliyokuwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika mpangilio wake, na umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza vifaa. Kompyuta mpakato ina betri yake. Diski ya nje iliyo ndogo, ile inayopata umeme kupitia waya wa USB, hulindwa na betri hiyohiyo. Diski kubwa yenye adapta yake ukutani hailindwi: umeme ukikatika inazimika hata kama kompyuta inaendelea kuwaka. Kwa Kampala, diski ndogo ni chaguo la busara zaidi, pamoja na kifaa cha kukinga vyombo dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Matumizi ya umeme nayo yanahesabika. Kompyuta mpakato inayotumia wati 15 ikiwashwa mchana na usiku itakula chini ya uniti 11 za Yaka kwa mwezi. Kompyuta ya mezani ya wati 60 itakula uniti 43. Nyumba inayotazama jioni tu inaweza kuizima seva usiku na kupunguza zaidi.

Funzo la Wakaliga

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu kufikisha picha kwenye kioo. Lakini njia iwe nzuri kiasi gani, haina maana ikiwa kilichohifadhiwa kimepotea. Kampala ina mfano unaojulikana duniani.

Mwaka 2010, katika kitongoji cha Wakaliga, mtengenezaji wa filamu Nabwana I.G.G. alikamilisha "Who Killed Captain Alex?", filamu ya mapigano iliyotengenezwa kwa bajeti ndogo mno. Baadaye ilipata watazamaji wengi kwenye YouTube na kulipa jina la Wakaliwood umaarufu hadi Ulaya na Marekani. Leo hii, hata hivyo, haitazamiki kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Nakala ya asili ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata. Iliyosalia ni ile iliyotolewa kwa DVD ikiwa na masimulizi ya VJ Emmie juu yake. Watazamaji wameyapenda masimulizi hayo, lakini filamu bila sauti yake haipo tena.

Kilichomfika mtengenezaji huyo kinaweza kuifika familia yoyote iliyoweka harusi, mazishi na sauti za wazee kwenye diski moja. Diski zote hufa; hakuna ajuaye siku. Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni kuwa na nakala 3, kwenye vifaa visivyopungua 2, na 1 kati yake ikiwa nje ya nyumba. Asiyemudu zote aanze na diski ya pili, aweke humo video za familia pekee, kisha aikabidhi kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine na kuirudia kila baada ya miezi michache. Filamu za kununua zinaweza kutafutwa tena. Sauti ya bibi haitafutiki.

Majaribio matatu kabla ya kulipa

Kwa muhtasari, mwenye televisheni moja achomeke diski na asihangaike zaidi. Mwenye mbili au tatu anayetaka gharama ndogo ajaribu kwanza diski nyuma ya ruta kwa njia ya DLNA. Mwenye mkusanyiko mkubwa, watoto na wazee wenye matakwa tofauti, atafute kompyuta mpakato ya zamani, kebo moja na programu ya Jellyfin.

Uchaguzi wowote uwao, fanya majaribio matatu kwa vifaa ulivyo navyo au vya kuazima. La kwanza, chomoa intaneti kabisa, zima televisheni na kuiwasha tena, kisha ujaribu kufungua filamu. La pili, chagua faili kubwa kuliko zote, uicheze kwenye televisheni iliyo mbali zaidi na ruta, wakati wa jioni ambapo Wi-Fi za majirani zimewaka, na uiache dakika 20. La tatu, mpe rimoti mtu mzima wa nyumba asiyependa mashine, umwombe afungue video ya harusi bila msaada wako.

Mpango ukishindwa la kwanza, tatizo ni programu au akaunti yake. Ukishindwa la pili, tatizo ni kebo au muundo wa faili. Ukishindwa la tatu, hata kama mengine yote ni sawa, jioni moja usipokuwapo nyumbani hakuna atakayetazama chochote.